Habari za Dhamira za Kitenzi, Tangu Iskandaria Hata Bukavu

Mwanafunzi wa Bukavu anapoanza kujifunza Kiingereza katika shule ya sekondari, huwa amekwisha kupita katika lugha tatu: Kimashi, Kihavu au Kirega cha nyumbani kwao, Kiswahili cha mtaani na cha sokoni, na Kifaransa cha darasani, ambacho ndicho alichofundishwa nacho hesabu, jiografia na maarifa mengineyo. Basi afikapo katika somo la dhamira za kitenzi, lile linaloeleza jinsi tendo lile lile linavyoweza kutolewa kama habari, kama amri, kama matakwa au kama sharti, aghalabu huambiwa ya kuwa amekabiliana na jambo gumu la Kizungu, lisilo na mfano katika ulimi wake, na kwamba hana budi kulikariri kama lilivyo. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Nasema ya kuwa sehemu iliyo ngumu zaidi ya somo hilo kijana wa Bukavu anaijua tangu utotoni, na ya kuwa sababu ya yeye kutoitambua imo katika tarehe ndefu ya sarufi, ambayo inafaa isimuliwe tangu mwanzo wake.

Watu wa kwanza katika upande wa magharibi kuzihesabu dhamira za kitenzi na kuzipa majina walikuwa Wayunani. Dionysius Thrax, mwanachuoni aliyesoma Iskandaria ya Misri katika karne ya pili kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kuwa aliandika kitabu kidogo cha sarufi ambamo dhamira zimehesabiwa kuwa tano: ya kuarifu, ya kuamuru, ya kutamani, ya kutegemea, na ile isiyo na mtendaji maalumu. Hesabu hiyo ilikuwa ya haki kwa Kiyunani, kwa maana lugha hiyo ilikuwa na maumbo mbalimbali kwa kila moja ya hizo. Warumi waliporithi elimu hiyo walirithi na majina yake, ijapokuwa Kilatini hakikuwa na umbo la peke yake la kutamani. Na vitabu vya shule vilivyoandikwa baadaye vikaendelea kufundisha dhamira ya kutamani, dhamira ya uwezekano na dhamira tegemezi, tatu kwa majina, ilhali umbo la kitenzi chenyewe lilikuwa moja. Huo ndio mwanzo wa kosa lililosafiri mbali sana: kuhesabu dhamira kwa majina yaliyorithiwa, badala ya kusikiliza ulimi wenyewe.

Haifai kudhani ya kuwa elimu hii ilikuwa ya Wayunani na Warumi peke yao. Huko Basra katika karne ya nane, Sibawayhi, mwanachuoni wa asili ya Kiajemi, alieleza katika kitabu chake kikubwa jinsi kitenzi cha Kiarabu cha wakati usiokwisha kinavyobadili irabu yake ya mwisho, kikawa marfuu, mansubu au majzumu, kwa kadiri ya neno linalokitangulia na maana inayokusudiwa. Karne nyingi baadaye Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, aliufupisha mlango huo pamoja na milango mingine katika kile kitabu kidogo kinachoitwa Ajurrumiyya, ambacho kimesomwa katika madrasa za Lamu, Mombasa na Unguja na wanafunzi wengi mno. Kwa hiyo maulamaa wa pwani, kabla mmishenari yeyote hajatia nanga, walikuwa wakijua vizuri ya kuwa irabu moja mwishoni mwa kitenzi yaweza kutenga lililokuwa na linalotakiwa liwe.

Sasa tuje Uingereza. Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaiteka nchi mwaka 1066, kilikuwa na dhamira tegemezi iliyo kamili, yenye viambishi vyake mwishoni mwa kitenzi, kimoja kwa mtu mmoja na kingine kwa wengi, mbali na viambishi vya kuarifu. Lakini Kiingereza ni lugha inayotia mkazo wake mwanzoni mwa shina, na kwa desturi hiyo silabi za mwisho zilikuwa zikitamkwa kwa unyonge. Karne baada ya karne irabu zake zikafifia, kisha zikafa, na pamoja nazo ikafa karibu alama yote ya dhamira tegemezi. Kilichobaki ni masalio mawili. La kwanza ni kukosekana kwa ile herufi s ambayo mtendaji wa nafsi ya tatu, akiwa mmoja, hukitia kitenzi wakati wa kuarifu, ndiyo maana Waingereza humwombea mfalme wao kwa kusema "God save the King" na hawasemi "God saves". La pili ni kitenzi cha kuwa, ambacho husemwa "be" mahali pa "is", na "if I were" mahali pa "was". Kazi zote nyinginezo za dhamira ile zikachukuliwa na vitenzi visaidizi, mathalan "may", "might", "should" na "would".

Ndipo ilipodhihiri ajabu ya watu wa sarufi. Katika wakati ule ule ambapo dhamira zilikuwa zikipungua vinywani mwa Waingereza, zilikuwa zikiongezeka vitabuni mwao. Kila mtoto aliyesoma alisoma kwanza sarufi ya Kilatini iliyobeba jina la William Lily, ambayo Mfalme Henry wa Nane aliifanya katika miaka ya 1540 kuwa ndiyo ya pekee mashuleni, na humo dhamira zilikuwa sita. William Bullokar alipotoa mwaka 1586 kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiingereza kilichoandikwa kwa Kiingereza, alifuata nyayo za Lily. Baada yake alikuja Askofu Robert Lowth mwaka 1762, na Lindley Murray mwaka 1795, mwanasheria wa Marekani aliyehamia York na kuandika kwa ajili ya shule ya wasichana. Murray alihesabu dhamira tano, mojawapo ikiwa ile ya uwezekano, inayoundwa kwa vitenzi visaidizi tu. Kitabu chake kilichapwa mara nyingi kupita kiasi, kikavuka bahari, na kwa miongo mingi Waingereza wengi walioelimika walidhani ya kuwa hivyo ndivyo Mungu alivyoiumba lugha yao.

Hukumu ya karne ya ishirini ilikuwa kali. Otto Jespersen wa Denmark, katika kitabu chake cha falsafa ya sarufi cha mwaka 1924, alisema ya kuwa dhamira ni lazima zitambuliwe kwa umbo la kitenzi, wala si kwa fikira zinazodhaniwa kuwamo nafsini mwa msemaji, kwa sababu fikira hazina mwisho. Na mwaka 1926 H. W. Fowler akaitangaza dhamira tegemezi ya Kiingereza kuwa inakata roho. Katika hili la pili Fowler hakuona mbali. Upande wa Marekani, katika maandishi ya serikali, ya mahakama na ya mikutano, umbo lile tupu, lisilo na herufi s, lilikuwa likipata nguvu mpya baada ya vitenzi vya kudai, kushauri na kusisitiza, na kutoka huko likarudi Uingereza kwenyewe. Wanaisimu wa leo hawakubaliani hata juu ya jina lake. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi kubwa iliyotolewa na Cambridge mwaka 2002, wanakataa kabisa ya kuwa Kiingereza kina umbo la kitenzi la dhamira tegemezi, na wanaliona jambo hilo kuwa ni muundo wa sentensi unaotumia kitenzi kitupu.

Kwa hali hiyo watu waliokuja kuiandika sarufi ya Kiswahili walikuja na mizani iliyokwisha kutumika kwa lugha nyingine. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akachapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850; Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha mwongozo kilichotumiwa na wageni kwa muda mrefu sana. Lakini hapa walikuta lugha yenye utajiri ule ambao Kiingereza kilikuwa kimeupoteza. Kiswahili hutia mkazo katika silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho, wala hakiiachi irabu ya mwisho ikazimika. Na juu ya irabu hiyo ndipo dhamira inapokaa, anaenda na aende, tunasoma na tusome. Mwaka 1944 E. O. Ashton, mwalimu wa Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika huko London, alitoa sarufi iliyojitahidi kufuata mawazo ya Kiswahili chenyewe kabla ya majina ya Kilatini, na ingawa majina yale hakuweza kuyaacha yote, mlango wake wa vitenzi bado wastahili kusomwa kwa utulivu.

Huku Kivu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kiswahili kilipanda bara pamoja na misafara ya biashara, kikatia mizizi Nyangwe na Kasongo katika siku za Tippu Tip, na baada ya vita vya miaka ya 1892 hadi 1894, ambavyo viliwaondoa Waarabu na Waungwana katika utawala, serikali mpya na wamishenari waliendelea kukitumia. Katika nchi ya Bashi, ambayo wafalme wake waliulinda mpaka wao kwa ushupavu, lugha hiyo ilifika zaidi pamoja na askari, wapagazi, makatekista na vibarua. Na mji ulipokua kando ya ziwa katika miaka ya 20, ukaitwa Costermansville kwa jina la afisa mmoja wa Kibelgiji kabla ya kurudishiwa jina lake la Bukavu katika miaka ya 50, Kiswahili ndicho kilichowakutanisha wakazi wake. Mwaka 1928, ule ule ambao mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifishaji, John Whitehead alichapisha huko Wayika, kando ya Lualaba, kitabu chake cha Kingwana, yaani Kiswahili cha magharibi. Kusanifishwa kulikwenda upande mmoja na watu wa Kongo wakaenda upande wao.

Inahuzunisha kutazama dhamira iliyotawala katika vitabu vidogo vya msamiati walivyopewa maafisa na walowezi wa zama zile. Ni amri tupu: leta, beba, chota, ondoka, nyamaza. Lugha yenye adabu nyingi za kuomba ilikatwa ikabaki mlango mmoja tu, ule wa kutokea amri kwa mtu asiyetazamiwa kujibu. Lakini watu wenyewe hawakuiacha adabu yao. Hata leo atakaye kununua samaki katika soko la Kadutu mjini Bukavu humwambia muuzaji, "Mama, unipatiye sambaza," na irabu ile ya mwisho, e, inafanya kazi ambayo Mwingereza angehitaji maneno matatu au manne kuifanya. Nayo haikuletwa na mtu kutoka pwani peke yake, kwa sababu Kimashi na Kihavu, kama zilivyo lugha nyingi za ukoo wao, hujenga matakwa kwa irabu hiyo hiyo.

Wakati huo huo Kilatini chenyewe kiliingia Bukavu kwa mlango wa mbele. Wajesuti walianzisha mwaka 1938 kile chuo cha Notre-Dame de la Victoire, ambacho katika siku za Mobutu kilibadilishwa jina kikaitwa Alfajiri, na huko, kama ilivyokuwa katika seminari, vijana waliochagua mkondo wa Kilatini walisoma dhamira katika jedwali zile zile zilizotokana na Warumi. Fauka ya hayo walisoma Kifaransa, chenye dhamira tegemezi iliyo hai na chenye maumbo mapana ya masharti, kwa hiyo neno dhamira likashikamana katika akili zao na jedwali la kukariri. Kiswahili hakikuwahi kuandikwa ubaoni kwa namna hiyo. Kilionekana kuwa lugha ya kusema, wala si lugha ya kutafakariwa.

Kiingereza kilipata nafasi yake baada ya uhuru wa mwaka 1960, kiliposhika mizizi katika sekondari, na Chuo cha Juu cha Ualimu cha Bukavu, ambacho watu wote hukiita ISP, kikaanza kutoa walimu wa somo hilo. Wanaisimu hawakuudharau mji. Didier Goyvaerts na wenzake walichapisha mwaka 1983 uchunguzi juu ya lugha na elimu katika Bukavu, mji wenye lugha nyingi, na mwaka 1988 Goyvaerts akaandika juu ya Indoubil, msemo wa vijana uliochanganya Kiswahili na lugha nyinginezo. Kisha ukaja mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda wakavuka mto Ruzizi, na nyuma yao mashirika yaliyoandika taarifa zao kwa Kiingereza. Mwaka 2008 Rwanda, iliyo ng'ambo ya daraja tu, iliamua kufundisha kwa Kiingereza. Na tarehe 8 Aprili 2022 Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kijana wa Bukavu sasa anakitaka Kiingereza kwa sababu ya riziki, na walimu wake wengi wamekipokea kwa njia ya Kifaransa.

Ni katika njia hiyo ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Kuna mahali ambapo Kifaransa ni kiongozi mwema, na ni katika sentensi za masharti. Mswahili husema, "Kama ningekuwa na pesa, ningenunua shamba," akitia -nge- katika pande zote mbili, na akiihamisha desturi hiyo moja kwa moja husema kwa Kiingereza "If I would have money, I would buy a field," kosa ambalo mtahini huliona mara moja. Kifaransa, kama Kiingereza, hutia kitenzi cha sharti katika umbo la wakati uliopita na kuiacha alama ya masharti upande wa pili, na watoto wa shule za Kifaransa wamekaririshwa onyo juu ya jambo hilo tangu shule ya msingi. Hapo mwalimu na amshike mkono mwanafunzi kwa Kifaransa, na atafika salama: "If I had money, I would buy a field."

Lakini katika vitenzi vya kudai na kusisitiza, Kifaransa humpoteza na Kiswahili humwongoza. Mwanafunzi akiambiwa ya kuwa "They insisted that he return" ni dhamira tegemezi, hutafuta umbo maalumu kama lile la Kifaransa, asilione, akadhani ya kuwa herufi s imesahauliwa na mpiga chapa. Na alinganishe na sentensi yake mwenyewe: walisisitiza arudi. Kitenzi kurudi, kama kusamehe, kufikiri na vinginevyo vilivyotoka katika Kiarabu, hakibadili irabu yake ya mwisho. Katika neno arudi hakuna alama yoyote ya matakwa. Dhamira yake hutambuliwa kwa kile kisichokuwapo, yaani kiambishi cha wakati: si anarudi, si alirudi, si atarudi, bali arudi tu. Na ndivyo ilivyo hasa kwa "return" ya Mwingereza, ambayo imevuliwa alama ya nafsi na ya wakati ikabaki tupu.

Mfano haukomi hapo. Mswahili akitaka kukanusha matakwa, haitumii ile ha- ya kukanushia habari. Hasemi walisisitiza haendi, ambalo lina maana nyingine, bali husema walisisitiza asiende. Mwingereza naye, akikanusha habari, hulazimika kukiita kitenzi "do", akasema "he does not go", lakini akikanusha matakwa hukiacha "do" kando, akasema "that he not go." Lugha hizi mbili, zisizo na undugu wowote, zimeweka mlango mmoja wa kukanusha yaliyopo na mwingine wa kukanusha yanayotakiwa. Hata mfuatano wa nyakati haupatikani, maana "they insisted" ni ya wakati uliopita na kitenzi cha pili hakikufuata, kama vile "walisisitiza" yetu ilivyoiacha "arudi" mahali pake.

Na watu wa Bukavu wana haki ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Tarehe 16 Juni 2000, baada ya majeshi ya Rwanda na ya Uganda kupigana ndani ya Kisangani, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1304, likidai nchi hizo mbili ziondoe majeshi yao katika ardhi ya Kongo. Wakati huo Bukavu ilikuwa chini ya waasi wa RCD na askari wa Rwanda tangu Agosti ya mwaka 1998. Kitenzi cha kuondoa katika azimio lile kilikuwa katika dhamira ya kudaiwa, na mtu aliyekisoma mjini humo, akatoka nje akawaona askari wamesimama njiani, hakuhitaji mwalimu wa kumweleza umbali uliopo baina ya waondoe na wameondoa. Mapatano ya Pretoria yalitiwa sahihi mwaka 2002, tarehe 30 Julai, ndipo Rwanda ikatangaza kuwarudisha askari wake.

Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 imezikubali lugha za taifa ziwe lugha za kufundishia katika madarasa ya mwanzo, na Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne. Ikiwa mtoto atafundishwa huko, kwa Kiswahili, kuzitenga anarudi, arudi na angerudi, na kuzitaja kazi zake kwa majina, basi atakapofika sekondari mwalimu wake wa Kiingereza hatakuwa na haja ya kumpitisha Roma wala Paris ili amfikishe kwenye "that he return". Ataandika ubaoni "walisisitiza arudi", chini yake ataandika sentensi ya Kiingereza, kisha atauliza darasa ni kiambishi gani kilichokosekana juu na ni herufi gani iliyokosekana chini.